Tafuta Somo Kwanza, Kikundi Kitafuata

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Chuno, hapa Mtwara mjini. Mkubwa ana miaka 8 na yuko darasa la pili, wa katikati ana 6 ameanza la kwanza, mdogo ana 3. Tangu mwaka jana nawafundisha nyumbani jioni na wakati wa likizo: kusoma, hesabu na Neno la Mungu. Dada mmoja wa kanisani aliyewahi kuishi Marekani alinieleza kuwa huko akina mama Wakristo wengi wanawasomesha watoto nyumbani moja kwa moja, na wana vikundi vya kusaidiana, mama mzoefu anamshika mkono mama mgeni. Moyo ukanituma. Lakini mwalimu, nimechoka. Jioni nawafokea watoto hadi nalia. Wifi zangu wanasema najitia mzungu. Mama mkwe akija kutoka Tandahimba ananitazama tu. Kanisani kila ninayemwambia anajibu kuwa najipa kazi. Niko peke yangu. Nianzishe kikundi? Nianzie wapi? Na je, naweza kuwatoa shule niwafundishe mwenyewe?

Jibu: Marahaba mwanangu, na pole.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Umeuliza habari za kikundi na za shule, lakini neno lililonikaa ni lile la kuwafokea watoto jioni hadi unalia. Nalijua. Nimefundisha darasa la kwanza na la pili kwa miaka 28, sehemu kubwa Masasi, darasani nikiwa na watoto 70 na zaidi, na sikumbuki kulia mbele yao hata siku moja. Nililia nyumbani kwangu, mbele ya mtoto mmoja niliyemzaa mwenyewe.

Alikuwa mwanangu wa pili. Herufi b na d zilikuwa zinamgomea. Ba, be, bi, bo, bu aliziimba vizuri kama wimbo, lakini ukimwandikia neno moja peke yake, "baba" kwake ni "dada". Jioni moja, msimu wa mbaazi mbichi, nimemkalisha barazani na daftari, nami nagonga stuli kwa rula. Akaingia jirani yangu, mama mtu mzima wa kanisani kwetu aliyelea watoto saba, ungo wa mbaazi mkononi. Hakuuliza kitu. Akavuta mkeka, akakaa, akaanza kumenya. Mimi nikaendelea kufoka, sasa kwa sauti ya chini kwa sababu ya haya. Akamenya, akamenya, mpaka ungo ukafika nusu. Ndipo akamwita mtoto, kwa ile lugha ya bibi na mjukuu: "Mume wangu, njoo unisaidie."

Mtoto aliruka kama mbuzi aliyefunguliwa kamba. Wakamenya wawili. Baada ya muda yule mama akachukua ganda moja akalisimamisha wima kwenye mkeka, akapanga punje chache upande mmoja kama tumbo. "Huyu tumbo lake linaangalia wapi?" Mlangoni. Akapanga la pili, tumbo upande wa pili. "Na huyu?" Jikoni. Wakacheza hivyo mpaka giza likaingia, na mimi nimekaa na rula yangu mapajani. Alipokuwa anaaga, pale nje, akaniambia: "Mtoto hajachoka kusoma. Aliyechoka ni wewe. Kesho usimfundishe. Keshokutwa nitakuja tena na ungo."

Akaja. Akaja karibu mwaka mzima, Jumanne na Alhamisi. Yeye shule aliishia darasa la nne. Mwenye cheti cha ualimu nilikuwa mimi.

Kwa hiyo jibu langu kwako ni hili: kikundi usianzishe kwanza. Tafuta somo, yaani mama mtu mzima wa kukusimamia na kukushika mkono.

Nitarudi kwenye hilo, maana ndilo kubwa. Lakini acha nimalize la kuwatoa shule, kwa sababu halina mjadala mrefu. Usiwatoe. Dada yako hakukudanganya: Marekani kumsomesha mtoto nyumbani ni halali katika majimbo yote 50, kila jimbo na masharti yake, na vikundi vya akina mama vipo kweli. Wanakutana siku moja ya wiki, anayejua hesabu anafundisha hesabu watoto wa wote, anayejua muziki anafundisha muziki, na mama ambaye watoto wake wamekwisha kukua anawaongoza walioanza jana. Sheria yetu ni nyingine. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inamtaka mzazi amwandikishe mtoto aliyefikia umri wa kuanza shule na ahakikishe anahudhuria hadi amalize elimu ya msingi. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, imekwenda mbele zaidi, na elimu ya lazima sasa ni ya miaka 10, ya msingi na ya sekondari ya chini pamoja. Mtihani wa kumaliza elimu ya msingi nao mtoto huufanya akiwa amesajiliwa na shule yake. Njia ya mtahiniwa wa kujitegemea ipo huko kidato cha nne, na asiyepitia sekondari huanzia kwenye Mtihani wa Maarifa (QT). Mtoto wa miaka 8 yuko mbali sana na hapo. Ukimtoa leo unamfungia njia, na wewe unajitafutia kesi.

Wako wabaki shuleni, na wewe ubaki mwalimu wao wa nyumbani. Saa unazo. Hawa wa madarasa ya chini wanatoka mapema. Kuna Jumamosi, kuna likizo ya Juni, kuna ile ndefu ya Desemba. Na huyo wa miaka 3 ni wako mchana kutwa.

Tazama majirani zako Waislamu hapo Chuno. Mtoto anarudi shule, anakula, anaoga, anavaa kanzu au hijabu yake, anakwenda madrasa. Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Hakuna wifi anayemcheka mama yake, kwa sababu mtaa mzima unafanya hivyo, na mtoto anakua akijua kwamba shule ni yake na dini ni yake. Sisi Wakristo wa pwani hii tumeliacha jambo hilo kwa shule ya Jumapili, saa moja kwa wiki, basi. Wanaosema unajitia mzungu hawajamtazama jirani yao. Unachofanya ni cha hapa hapa, ila kwa upande wetu kimelala muda mrefu. Kumbukumbu la Torati sura ya 6 inataka mzazi awafundishe watoto wake akiwa amekaa nyumbani, akitembea njiani, akilala na akiamka. Huko kukaa nyumbani ndiko wewe umekushika.

Sasa habari ya somo.

Sisi wa kusini neno hili hatuhitaji kuliazima. Binti anapoingizwa unyagoni haachwi peke yake na mafundisho. Wako makungwi, na yuko mtu mzima mmoja anayemsimamia yeye kama yeye, ndiye somo wake, anayemshika mkono, na hata akija kuolewa na kuzaa bado anajua mlango wa kubisha. Si kila kinachofundishwa unyagoni Mkristo atakibeba, na mimi kama mwalimu nimepokea darasani wasichana waliorudi kutoka huko wakiwa hawataki tena shule, na roho iliniuma. Lakini mpango ule wa kumkabidhi mtu kwa mtu una hekima. Askofu Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Anglikana ya Masasi kuanzia 1926 hadi 1944, hakulipiga jando marufuku. Alitaka liendeshwe Kikristo, chini ya uangalizi wa kanisa. Watu wamebishana sana kama alipatia au alikosea. Kwa maoni yangu kuna jambo moja alilolijua barabara: watu wa huku maisha wanajifunza kwa kukabidhiwa kwa mtu. Mahubiri peke yake hayatoshi.

Na Maandiko yanakwenda njia hiyo hiyo. Paulo anamwagiza Tito, sura ya 2, kwamba wanawake wazee ndio wawafunze wanawake vijana kupenda waume zao na watoto wao. Hakumwambia Tito awafundishe yeye. Na anapoitaja imani ya Timotheo katika barua yake ya pili anawataja wanawake wawili kwa mpigo, bibi Loisi na mama Eunike. Hata Eunike alikuwa na mtu mzima nyuma yake.

Utampataje? Kipimo changu ni kimoja: tazama mwanamke ambaye watoto wake wakubwa wanamtembelea bila kuitwa. Kama yupo kanisani kwenu, au kwenye jumuiya yenu, au hata kanisa la pili, huyo. Usimtafute msomi. Usimtafute anayesali kwa sauti kubwa kuliko wote. Mama mchungaji naye usimchague kwa sababu tu ni mama mchungaji. Huyo amebeba mizigo ya kanisa zima, atakuja kwako mara mbili kisha msiba utamchukua, na kosa halitakuwa lake.

Ukimpata, usimwendee na maneno makubwa. Ukimwambia "naomba uwe mshauri wangu" ataogopa, atasema hajui kitu, na atakuwa anasema kweli kadiri anavyojiona. Nenda nyumbani kwake na kitu mkononi, ming'oko iliyochemshwa au samaki wa siku hiyo wa feri, msalimie, kaa, ongeeni mengine. Halafu mwambie: "Mama, Alhamisi saa kumi nawasomesha watoto. Naomba uje ukae tu. Njoo na kazi yako." Hiyo ya kazi yake usiisahau. Mtu mzima mwenye ungo au ukili mkononi hajioni mkaguzi, na wewe hujioni unakaguliwa.

Majuma mawili matatu ya kwanza atakaa tu. Usimsukume. Mtu akikaa kwako bila haraka anaona kitu ambacho wewe, kwa sababu uko ndani yake, hukioni. Nilipokuwa Nachingwea nilikuwa nakwenda kwa mama mmoja kijana mwenye tatizo kama lako, kelele na machozi. Siku ya kwanza sikuona kitu. Siku ya pili ndipo nikaona: anapika, anapakua kwa wote, watoto wanakula, na yeye anachukua daftari na kukaa nao kabla hajatia kitu mdomoni tangu asubuhi. Alikuwa anafundisha na njaa. Nikamwambia ale kwanza. Sikumpa mbinu ya kusomesha wala mstari wa Biblia. Alikula kwanza, na kelele zikapungua kwa nusu. Angeweza kuniandikia barua ndefu kumi nami nisingelijua hilo.

Kwa hiyo akutane nawe ndani ya nyumba yako. Simu ni ya katikati ya wiki: "Mama, leo yamenishinda." Naye akujibu "acha leo, kalale." Mpe ruhusa hiyo tangu mwanzo, ya kukwambia acha. Mama anayefundisha nyumbani hana kengele ya kutoka. Mimi shuleni kengele ilikuwa inanitetea, nyumbani haipo, na ndiyo maana mama hujikuta anafundisha hadi saa mbili usiku na mtoto anasinzia juu ya kitabu. Somo wako ndiye kengele.

Mweleze mume wako. Huenda anarudi kazini amechoka, lakini asikute mama wa watu barazani kwake kila Alhamisi bila kujua kaja kufanya nini. Na kuna mipaka ya kuwekeana mapema. Yanayotoka nyumbani kwako yaishie kwake, yasifike kwenye kwaya. Ugomvi wa ndani ya ndoa unaweza kumshirikisha kwa kadiri, ila kama siku moja mtakuta mtoto, wako au wa mwenzako, anaumizwa au anaguswa vibaya, hilo halimalizwi na somo wala na maombi peke yake. Linapelekwa kwa afisa ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto polisi, au mnapiga 116, namba ya bure ya huduma kwa mtoto. Nalisema wazi kwa sababu nimeona akina mama wazuri wakilifunika jambo la namna hiyo kwa kuogopa aibu ya kanisa, na mtoto akabaki nalo.

Mkishakaa hivyo miezi mitatu minne, kikundi kitaanza kuja chenyewe. Mama wa jirani ataona watoto wako wanasoma, atauliza, "Na wangu aje?" Hapo ndipo mwanzo wa kweli. Wanne wanatosha. Wakizidi sita mgawanyike.

Usiogope kwamba hujui kuongoza. Mary Sumner, mke wa mchungaji wa kijiji cha Old Alresford huko Uingereza, aliwaita akina mama wa parokia nyumbani kwake mwaka 1876 ili wasaidiane malezi. Walipofika akaogopa. Akashindwa kusema neno, akawaomba warudi wiki inayofuata. Walirudi, naye akasema. Kikao hicho ndicho kilichozaa Umoja wa Mama, ambao leo uko katika parokia za Kianglikana hadi vijijini Newala. Mwaka huo huo wa 1876 ndio UMCA, misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza, ilipoweka makazi Masasi, na watu waliotolewa utumwani. Mimi hupenda kuyakumbuka mambo haya mawili ya mwaka mmoja.

Kama wewe ni Mkatoliki, waarifu viongozi wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, na wa jumuiya yako. Kama ni wa kanisa la TAG (Assemblies of God), waarifu WWK, idara yenu ya wanawake. Waarifu, lakini kikundi chenu kibaki kidogo na kibaki cha watoto. Nitakueleza kwa nini, kwa sababu nililia tena hapa.

Tulikuwa akina mama sita. Jumamosi saa tatu hadi saa tano, chini ya mkorosho wa mmoja wetu, watoto kumi na saba. Mmoja anashika silabi, mmoja hesabu, mmoja hadithi ya Biblia, wa nne anapika uji, wawili wanakaa na wachanga. Ilienda vizuri miezi minane. Kisha mwenzetu mmoja, kwa nia njema kabisa, akaleta wazo la kuweka elfu mbili kila Jumamosi. Ikawa elfu tano. Tukaanza kukopeshana. Mama mmoja akakopa akitegemea korosho zake, malipo ya mnada yakachelewa, na yeye akaona haya kuja. Jumamosi ya kwanza hakuja. Ya pili hakuja. Wanawe watatu nao hawakuja, na mdogo wao alikuwa ndiyo kwanza ameanza kuunganisha silabi. Nilikwenda kwake, akanifungulia mlango nusu. Watoto walikosa kusoma kwa deni ambalo hawakulikopa wao. Mwaka ulipoisha tulikuwa wawili.

Kwa hiyo kikoba kiwe siku nyingine, mahali pengine, hata kama ni watu wale wale. Vivyo hivyo sare. Najua vikundi vyetu vinavyopenda kitenge cha sare, na kinapendeza kweli, lakini kwa mama ambaye hana hela ya kitenge hicho, sare ni mlango uliofungwa. Changa unga wa uji na chaki. Vitabu vya kiada Taasisi ya Elimu Tanzania imeviweka kwenye maktaba yake ya mtandao, vinasomeka bure kwa simu. Mama mmoja mwenye bando anatosha kwa wote.

Kingine kinachoua vikundi ni kulinganisha. "Wangu anasoma kitabu kizima sasa." Mama ambaye wake bado yuko kwenye "ma" anatabasamu, na moyoni amekwisha kuondoka. Sisi tulijiwekea desturi: kila mama anamtaja mwanawe kwa kitu alichoweza wiki hii ambacho mwezi jana hakukiweza, basi. Amefunga vifungo vya shati. Ameandika jina lake lote. Amesimulia habari ya Yona bila kuchanganya na ya Nuhu. Na kama kuna mtoto anabaki nyuma kila mara, kabla hujamwita mzito mpeleke apimwe macho na masikio. Nimeshuhudia zaidi ya mmoja aliyekuwa haoni ubao, na miaka miwili anachapwa kwa uvivu.

Habari ya masomo yenyewe nayo nitaigusa, ila sitakaa hapo sana. Fupi. Mtoto wa darasa la kwanza na la pili, dakika 15 mpaka 20 kwa somo moja, halafu ainuke, achote maji, arudi. Charlotte Mason, mwalimu Mwingereza aliyefariki mwaka 1923, aliishikilia sana kanuni hiyo ya vipindi vifupi, na nyingine ambayo sisi tumezaliwa nayo: ukimsomea mtoto hadithi, isome mara moja, kisha yeye akusimulie kwa maneno yake. Hakuna maswali kumi ya kujibu. Paukwa, pakawa, na sasa zamu yako. Ukitaka kujua kama mtoto ameielewa habari ya Yusufu na ndugu zake, mwache aisimulie, utasikia mwenyewe alipopotea.

Hesabu zifanye kwa vitu. Korosho zenye maganda makavu zipange makumi makumi juu ya mkeka, makumi matatu na nne za pembeni ni 34, mtoto anaiona 34 imekaa pale chini. Waambie tu wasizing'ate, mafuta ya ganda yanababua midomo. Mkubwa wako mpe stakabadhi ya AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) ya babu yake, ile ya mwaka uliopita. Kilo ngapi, bei ngapi kwa kilo, makato mangapi, babu amebaki na kiasi gani. Kuzidisha namba kubwa kama hizo bado hajakufikia, anza na kusoma zile namba na kujumlisha makato. Watoto hupenda hesabu yenye jina la babu yao juu.

Hapo ndipo tunafika kwa mama mkwe wako. Umesema anakutazama tu. Mwanangu, huenda anasubiri kuombwa. Amekuja mjini, amekuta mkwewe anafundisha watoto vitabu, na yeye hajui akae wapi katika jambo hilo. Usimfanye somo wako. Mama wa mume wako hawezi kuwa mtu unayemlilia habari za nyumbani kwake, utamweka pabaya. Lakini mpe kipindi. Mwambie, "Mama, naomba Jumatano jioni uwasimulie watoto hadithi, kwa Kimakonde." Halafu wewe ondoka uende jikoni, usikae kusikiliza kama msimamizi. Watoto wamsimulie tena kesho yake, kwa Kimakonde kile kile cha kujiumauma, naye awasahihishe. Bibi anayepewa kipindi hana muda wa kumtazama mkwewe. Na siku wifi akisema unajitia mzungu, atakayemjibu hatakuwa wewe.

Mtoto wa jirani Mwislamu akija kwenye kikundi kwa ajili ya kusoma na hesabu, mpokee, mpe uji kama wengine. Kipindi cha Biblia kiweke mwanzo kabisa au mwisho kabisa, na umwambie mama yake waziwazi ni saa ngapi, ili achague mwenyewe mtoto aje lini. Ujirani wa Mtwara ni mkubwa kuliko kikundi chochote, na mama yule ndiye atakayekushikia mwanao siku ukipelekwa hospitali ya Ligula usiku.

Kwa wiki hii, basi, usifundishe. Nakwambia kama yule mama alivyoniambia mimi. Watoto wanakwenda shule, wanarudi, wanacheza, mnasali pamoja mkilala, inatosha. Muda huo utumie kufikiri ni nani kanisani ambaye watoto wake wanarudi bila kuitwa, na ukimjua, Jumamosi nunua samaki uende.

Huyo wa miaka 3 hukuuliza, ila najua ndiye anayevuruga kipindi. Korosho asipewe, atazitia mdomoni. Mpe vifuu na mchanga pale pale karibu. Na akitaka kukaa mapajani mwako wakati kaka yake anasoma, mwache akae.